Sinia la Wifi Ludgarda

Kwa miaka ishirini na sita Ċensa alipika makaroni ya kuoka kila Jumapili, na kwa miaka ishirini na sita mumewe Wistin aliyala, akafuta mdomo, akasema, "Yanalika." Neno hilo moja tu. Halikuwa tusi, wala halikuwa sifa. Wistin alikuwa fundi wa pampu za maji, na alizoea kutazama vitu kwa jicho la kujua kama vinafanya kazi au havifanyi. Pampu inasukuma, gari linawaka, makaroni yanalika.

Mwaka wa kwanza wa ndoa Ċensa alijifungia chooni akalia kidogo. Mwaka wa pili akaongeza jibini. Kufikia mwaka wa tano alikuwa halisikii tena neno lile, kama vile mtu anayekaa karibu na kanisa asivyosikia kengele, naye alikaa karibu na kanisa vilevile, hapo mjini Qormi, upande wa parokia ya Mtakatifu Ġorġ, nyumba ya tatu kutoka kona.

Jumamosi jioni alikuwa akipika mchuzi wa nyama ya kusaga na nyanya. Jumapili asubuhi alichemsha makaroni, akayachanganya na mchuzi, mayai na jibini, akayamimina kwenye sinia la bati lenye ukingo wa buluu, akalifunika kwa kitambaa na kulipeleka kwa Żaren, mwoka mikate. Nyumbani alikuwa na oveni ya gesi, waliyoinunua alipozaliwa binti yao Antida. Humo ndani alikuwa akiweka sufuria. Mtaa mzima ulijua kuwa makaroni ya oveni ya nyumbani hukauka pembeni na kubaki majimaji katikati, na mwanamke mwenye kujiheshimu hakuwapa watu wake chakula cha namna hiyo siku ya Bwana.

Żaren alimaliza mikate alfajiri, na tanuri lake la mawe lilibaki na moto wa kutosha masinia thelathini au arobaini ya majirani. Kila mwenye sinia alipewa kibati chenye namba. Kibati cha pili chenye namba ileile kilichomekwa kwenye mkono wa sinia. Watu wakaenda misa. Saa sita mchana mtaa ulijaa wanawake waliobeba masinia yaliyofunikwa, wanatembea haraka, hawasalimiani sana kwa sababu vidole vinaungua.

Baada ya kula na kulala kidogo, Wistin aliwapakia mke na binti kwenye gari akawapeleka baharini, Birżebbuġa au Marsaskala. Alipata nafasi ya kuegesha gari likatazama maji, akafungulia redio ya mpira, wakala karanga humohumo garini, na saa kumi na mbili wakarudi nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa safari. Mara moja kwa mwaka walivuka kwa feri kwenda kisiwa cha Gozo, na siku hiyo Ċensa alifunga mizigo tangu juzi yake: viti, mwavuli, ndoo ya barafu, mablanketi mawili, dawa ya tumbo, na sinia la makaroni lililovikwa magazeti. Dada yake Ċensa alihamia Australia moja kwa moja na mizigo michache kuliko hiyo.

Sasa kuhusu lile sinia. Alipewa na mama mkwe wake, marehemu Ġiża, siku ya harusi. Ġiża alikuwa na watoto wawili tu, Wistin na Ludgarda, na kila mmoja alipooa au kuolewa alipewa sinia la namna moja, lililonunuliwa kwa mchuuzi mmoja, siku moja, miaka mingi kabla watoto wenyewe hawajafikiria kuoa. Ludgarda aliolewa na Leli wa upande wa parokia ya Mtakatifu Bastjan, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Tanuri la Żaren lilikuwa katikati ya pande hizo mbili, na lilioka bila ubaguzi.

Ċensa na wifi yake walikuwa hawajasemeshana kwa miaka tisa.

Ilitokea hivi. Baada ya misa ya kumwombea Ġiża, mwezi mmoja tangu azikwe, ukoo ulikwenda kijiji cha Mġarr kula sungura hotelini. Chungu kilipowekwa mezani na mvuke ukapanda, Ludgarda alitazama huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Afadhali leo kaka yangu atakula." Watu wawili walicheka. Ċensa aliweka uma chini. Alikula mkate mtupu mpaka wengine walipomaliza, akamshukuru mwenye hoteli, akapanda gari. Tangu siku hiyo, wakikutana barabarani, mmoja wao lazima aone kitu cha kutazama dirishani mwa duka lililo karibu, hata kama ni duka la mabomba. Waume zao waliendelea kukutana kwenye baa siku za mpira, wakapungiana kichwa.

Basi ikaja Jumapili ya pili ya Oktoba, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tatu. Żaren alikuwa ameungua mkono wa kulia na alifanya kila kitu kwa wa kushoto. Ċensa alitoa kibati chake, akapewa sinia, akaenda nalo nyumbani. Wistin na Antida walikuwa wamekwisha kukaa. Alipotia kisu tu, mkono ukamwambia. Ngozi ya juu ilikuwa ngumu zaidi kuliko yake, na ilivunjika kwa mlio. Ndani mlikuwa na vipande vyeusi vyeusi vya maini ya kuku. Ċensa hakuwahi kuweka maini kwenye makaroni.

Alitaka kusema. Lakini Wistin alikuwa mtu wa kujipakulia mwenyewe, na kijiko chake kilikuwa kimekwisha kufika mdomoni. Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akatazama dirishani kwa muda, kisha akaendelea. Alimaliza sahani ya kwanza bila kuinua kichwa, akapakua ya pili, akapakua ya tatu. Akafuta mdomo.

"Matamu," akasema.

Antida alikuwa na miaka ishirini na miwili na hakuwahi kulisikia neno hilo pale mezani. "Baba, unajisikia vizuri?"

"Vizuri. Kwa nini?"

"Basi tu."

Ċensa alikula yaliyokuwa kwenye sahani yake. Yalikuwa matamu kweli. Hilo ndilo lililomuuma. Kama yangekuwa mabaya angeweza kumhurumia mumewe kwa kukosa ulimi. Lakini Wistin alikuwa na ulimi, tena ulimi mzima, aliokuwa ameutunza miaka ishirini na sita bila kuutumia.

Alipoosha vyombo aligeuza sinia. Marehemu Ġiża alikuwa amekwaruza herufi kwa msumari chini ya kila moja, ili watoto wake wasije kugombana. La Wistin lilikuwa na W. Hili lilikuwa na L.

Siku ya pili yake alikwenda kwa Żaren kama anayenunua mkate, akauliza kama jana kuna mtu alilalamika.

"Kulalamika nini?"

"Chochote."

"Mama Antida, mimi nimeoka miaka arobaini," Żaren akasema. "Waliowahi kulalamika wote wamekwisha kufa."

Ċensa akaenda nyumbani na mkate. Alikuwa amepanga kulifunga sinia kwenye gazeti na kumtuma Antida alirudishe. Jumanne hakumtuma. Jumatano alilitafutia kitambaa kizuri zaidi. Alhamisi alikwenda kwa muuza kuku akanunua maini.

Jumapili hiyo makaroni yake yalikuwa na maini ya kuku, nusu kilo nzima, ndani ya sinia la wifi yake. Alisimama nyuma ya kiti cha Wistin, ameshika taulo.

"Yanalika," Wistin akasema.

Jumapili iliyofuata aliongeza mayai manne na kungumanga. Yanalika. Jumapili ya tatu alikaanga maini kwa mafuta ya nguruwe kama walivyofanya wazee. Wistin alisema yanalika, akaomba maji ya kunywa.

Katika wiki hizo zote hakuna aliyekuja kubisha mlango kudai sinia. Ċensa alitarajia kila siku. Alikuwa ameandaa hata maneno, maneno mafupi ya adabu kali. Hakuna aliyekuja. Ludgarda naye, ni wazi, alikuwa akipikia sinia lenye W, akilipeleka kwa Żaren na kulichukua kama vile hakuna kilichotokea duniani.

Jumapili ya nne Ċensa alitoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Hakuwahi kufanya hivyo tangu siku uchungu wa Antida ulipomshika kwenye benchi. Alifika kwa Żaren akiwa mtu wa kwanza. Masinia mawili yenye ukingo wa buluu yalikuwa kwenye ubao mmoja, yamepishana shibiri moja.

"Nipe lile," akasema.

Żaren akatazama kibati alichompa. "Lako ni kumi na mbili. Lile ni thelathini na moja."

"Żaren, mimi chakula changu nakijua."

Żaren alimtazama muda ambao mtu hutumia kuhesabu mikate kumi. Kisha akampa. Kwa kweli, kwa upande wa sinia Ċensa hakuiba kitu; lilikuwa na W chini, lilikuwa lake. Kwa upande wa kilichokuwamo, ndiyo, aliiba.

Wistin alikula sahani tatu akasema matamu.

Jumamosi Ċensa alikwenda kuungama. Alimwambia padri kuwa amechukua makaroni ya mtu. Padri akauliza kiasi gani. Akasema sinia zima. Padri akauliza kama mtu huyo alilala njaa. Ċensa akasema hapana, alimwachia ya kwake.

Padri akasogea karibu na pazia. "Hayo ya kwako yakoje?"

"Yanalika, padri."

Alipewa Salamu Maria tatu. Alizisali zote kwa uchungu wa kweli, na kesho yake akaiba tena.

Ikawa ndiyo desturi. Wiki moja alikuwa na sinia la L, wiki nyingine la W. Masinia yalikwenda na kurudi kama watu wenye kazi mbili. Na nyumbani kukaanza jambo ambalo hakulitegemea. Wistin alianza kuzungumza. Sahani ya kwanza alikula kimya, ya pili alikula polepole, na kwenye ya tatu aliweka kiwiko mezani akaanza kueleza mambo. Alieleza juu ya mbuzi wa mama yake aliyekuwa akila nguo kwenye kamba, na siku Ludgarda alipoanguka kisimani na yeye akamshikilia kwa nywele mpaka majirani wakaja. Alieleza jinsi baba yao alivyokuwa akirudi kutoka gatini, akavua viatu mlangoni na kuvibeba mkononi asiwaamshe. Antida alikuwa akiuliza maswali. Ċensa alisikiliza ameshika uma. Katika mwezi mmoja alijua habari za utoto wa mumewe kuliko alizozijua katika ndoa nzima, na zote zilitoka kwenye mkono wa mwanamke mwingine. Hakujua kama afurahi au avunje kitu.

Tena makaroni yenyewe yalizidi kuwa mazuri. Jibini liliongezeka. Jumapili ya mwisho ya Novemba alipokata alikuta mayai mazima ya kuchemsha yamefichwa katikati, yamepangwa safu, kila kipande kikapata lake. Ċensa alishangaa. Mtu anayeibiwa kila wiki haongezi mayai.

Jumapili ya kwanza ya Desemba aliondoka kanisani padri akiwa bado anahubiri. Alipoingia kwa Żaren hakumkuta Żaren. Alimkuta Ludgarda ameketi juu ya gunia la unga, amevaa nguo ya kanisani, mkoba magotini, mikono juu ya mkoba. Alikuwa amenenepa kidogo katika miaka tisa, na nywele za mbele zilikuwa nyeupe. Masinia mawili yalikuwa ubaoni nyuma yake.

"Wifi," Ludgarda akasema.

"Wifi," Ċensa akaitikia.

"Leo nimekutangulia. Jumapili iliyopita saa sita kasorobo ulikuwa umekwisha kuondoka."

Ċensa alitafuta dirisha la kutazama. Palikuwa na tanuri tu. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mtu na akili zake anakata makaroni anakuta hamna maini, hamna chumvi, hamna kitu, atajiuliza ni ya nani? Nilijua ni ya kwako kabla sijaonja."

"Na hukusema."

"Nilikungoja uniletee sinia langu. Nikasema, akija na sinia, nitamkaribisha kahawa. Hukuja. Halafu ukaanza kuiba."

"Ungemwambia Żaren."

Ludgarda alifungua mkoba, akatazama ndani, akaufunga. "Alikuwa anakula?"

"Nani?"

"Nani mwingine? Kaka yangu. Alikuwa anakula?"

"Sahani tatu," Ċensa akasema. "Kila Jumapili. Halafu anazungumza."

"Anazungumza? Wistin?"

"Alituambia habari ya kisima."

Ludgarda aligusa nywele zake nyuma ya kichwa, mahali ambapo labda alishikwa siku ile. "Basi ndiyo maana nikaweka mayai," akasema. "Nilisema kama anakula yeye, acha ale vizuri. Leli amelalamika mpaka amechoka. Jumapili ya pili alitaka kwenda kula kwa mama yake. Nikamwambia kaa ule, kuna nyumba watu wanakula hivyo maisha yao yote na wanakwenda kazini." Akamtazama wifi yake. "Hayana chumvi, Ċensa. Sisemi kwa ubaya."

"Najua," Ċensa akasema. Alikuwa hajui.

Akakaa kwenye gunia la pili. Hakuona tena sababu ya kusimama. Alimkumbusha Ludgarda maneno ya Mġarr, neno kwa neno, na mahali kila mtu alipokuwa amekaa. Ludgarda alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja uso kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Watu wakacheka."

"Mama alikuwa na mwezi mmoja kaburini. Nilisema mengi siku ile. Padri nilimwambia kanisa lake linanuka." Alifikiri. "Lakini neno nililokusemea wewe lilikuwa baya zaidi. Nilikosa, wifi. Ningekuja kukwambia, basi tu ikapita wiki, ikapita Krismasi, halafu mtu unaona aibu hata ya kuanza."

Ċensa alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa miaka tisa, na alikuwa amepanga namna ya kuyapokea, kwa kichwa kilichoinuka na ukimya mrefu. Badala yake akajikuta anasema kilichokuwa rohoni. "Nimeweka maini. Nimeweka kungumanga. Nimeweka mafuta ya nguruwe. Haiwi."

"Makaroni unayachemsha kwenye nini?"

"Kwenye maji."

Ludgarda alifumba macho. "Maji," akasema.

"Wewe unachemsha kwenye nini?"

"Njoo kwangu Jumamosi. Hapa sikwambii, Żaren anasikiliza."

Kutoka nyuma ya mlango wa ghala Żaren alisema kuwa hasikilizi.

Siku hiyo kila mmoja alikwenda nyumbani na chakula chake mwenyewe. Wistin alisema yanalika, na hakuzungumza juu ya mbuzi wala kisima.

Jumamosi Ċensa alivuka kwenda upande wa Mtakatifu Bastjan na aproni yake ndani ya mfuko. Jikoni kwa Ludgarda sufuria kubwa ilikuwa motoni tangu asubuhi: mifupa ya ng'ombe, kitunguu, karoti, kipande cha figili. Ġiża, alieleza Ludgarda, hakuwahi kuchemsha makaroni kwenye maji hata siku moja. Alipika supu ya mifupa Jumamosi, jioni watu wakanywa supu, na iliyobaki ikachemsha makaroni asubuhi. Unayatoa yakiwa bado yanang'ang'ana kwenye jino, unayaacha yapoe na supu kidogo chini, yainywe. Maini yanaingia mwisho, hayakaangwi sana. Kila kitu kilikuwa rahisi. Ċensa aliuliza kwa nini mama mkwe hakumwambia. Ludgarda alisema Ġiża alikuwa anangoja kuulizwa. Ċensa akasema yeye alikuwa anangoja kuambiwa. Wakachuja supu.

Leli aliingia kuchukua ufunguo, akamwona Ċensa, akapunga kichwa kwa mazoea, akatoka. Baada ya muda akarudi, akauliza kwa upole kama Jumapili hii kila nyumba itakula ya kwake. Aliambiwa ndiyo. Akasema sawa, akaenda zake akipiga mluzi.

Jumapili Ċensa alipakua mwenyewe, hakumwachia Wistin kijiko. Wistin alitafuna, akatazama sahani yake, akayapinduapindua makaroni kwa uma.

"Haya umepika wewe," akasema.

Ċensa alisimama. "Na yale mengine nani alipika?"

"Ludgarda."

Antida aliweka glasi chini.

"Ulijua?" Ċensa akauliza.

"Mimi nimekula makaroni yale mpaka nikaoa. Nitakosaje kujua?" Aliendelea kula. "Nilidhani mmepatana. Nikadhani anakuletea, au mnabadilishana, mambo yenu. Nikasema nisiulize. Nikiuliza mtaanza tena."

"Wiki nane, Wistin. Hukuuliza wiki nane."

"Pampu ikifanya kazi, mimi siifungui."

Ċensa alikaa kwenye kiti chake. Alikuwa na la kuuliza, alilokuwa nalo tangu akiwa bibi harusi, na sasa lilitoka bila kulazimishwa. Aliuliza kwa nini miaka yote hiyo, kwa chakula chake yeye, lilikuwa neno moja tu.

Wistin alishangaa kuulizwa. Alieleza, polepole, kama anayeeleza mtambo. Baba yake hakuwahi kusema kitu mezani. Hata kidogo. Alikula, akainuka, akaenda. Mama yake alikuwa akisubiri ainuke ndipo aende kutazama sahani, kuona kama kuna kilichobaki, na kwa kuitazama sahani ndivyo alivyojua. Wistin akiwa kijana aliona jambo hilo akasema yeye akioa hatafanya hivyo. Yeye atakuwa anasema. "Na nimesema," akasema. "Kila Jumapili. Sijaruka hata moja."

Ilikuwa kweli. Hakuruka hata moja, hata Jumapili aliyokuwa na homa. Ċensa alimtazama mtu huyu aliyekuwa akijitahidi miaka ishirini na sita, na hakuna aliyemwona akijitahidi. Alikumbuka chozi la chooni la mwaka wa kwanza. Alitaka kumwambia, kisha akaona hapana haja. Badala yake akamwongezea makaroni, kipande cha pembeni, kile kigumu anachokipenda. Wistin alikila chote. Alisema kuwa chumvi ingeweza kuongezwa, na Antida akasema hata yeye alikuwa anafikiri hivyo tangu akiwa darasa la pili.

Masinia yalirudi kila moja kwa mwenyewe, ingawa wakati wa Krismasi yalichanganyika tena, safari hii kwa mikono ya wenyewe, maana walikula pamoja na hakuna aliyegeuza kutazama chini. Żaren aliulizwa na majirani kama ni kweli wale mawifi wamepatana. Alisema yeye anaoka tu.

Mwezi wa Mei walikwenda Gozo wote wanne kwa gari moja. Antida alikataa, alisema ana mtu wa kwenda naye sinema, na hakutaja jina. Ċensa hakubeba viti wala makaroni, kwa sababu Ludgarda alisema mara moja tu maishani mwake anataka kwenda mahali akapikiwa. Upepo ulianza wakiwa wamekwisha kuvuka. Walipofika bandarini kurudi waliambiwa feri imesimama, wasubiri bahari itulie. Wakaingia kwenye mkahawa uliokuwa karibu na foleni ya magari. Leli na Wistin waliagiza chipsi. Wanawake waliagiza samaki wa kukaanga.

Samaki alikuja mkavu, mgumu, amekaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kukaanga vitu vingine vingi. Ċensa alitafuna. Ludgarda alitafuna. Wakatazamana.

"Sema wewe," Ludgarda akanong'ona.

"Wewe ni mkubwa."

"Analika," Ludgarda akasema, na Ċensa akacheka mpaka mwenye mkahawa akaja kuuliza kama mwiba umemkwama.

Feri ilichelewa kwa saa tatu nzima. Waume walirudi garini wakafunga vioo. Kwa miaka tisa walikuwa wamepungiana kichwa tu, na sasa walipopata nafasi ya kuzungumza waligundua kuwa hawana la kusema, jambo lililowafaa wote wawili. Wake zao walikwenda kutembea gatini, wamejifunga vitambaa vya kichwa, wanapiga kelele ili wasikizane kwenye upepo. Walikwenda mpaka mwisho, wakarudi, wakaenda tena.

Saa kumi na moja feri ikaonekana, ikafunga, magari ya mbele yakaanza kuingia. Ċensa na Ludgarda walikuwa bado wamesimama kwenye ukingo wa gati. Ludgarda alikuwa akimwonyesha jinsi mama yake alivyokuwa akisafisha samaki, kwa mikono mitupu, hewani, anakata, anageuza, anatoa matumbo yasiyokuwapo na kuyatupa baharini. Ċensa aliuliza kitu kuhusu kichwa. Ludgarda akaanza upya, polepole zaidi.

Wistin akapiga honi. Walimaliza samaki kwanza, ndipo wakaja.